Meza ya saloni ni ya nani?

Juma hili tulikuwa tumetayarisha habari juu ya bei ya makala. Tunaiweka kando kwanza, kwa sababu ya jambo lililotufikia siku ya posho.

Tulikuwa tumemaliza kuhesabu makuta ya AVEC. Kisanduku kilikuwa kimefungwa, funguo tatu zimerudi kwa wenye kuzitunza, na wengine walikuwa wameanza kufunga watoto mgongoni. Mama mmoja wa kundi letu, anayekaa upande wa Kadutu, alibaki ameketi. Akatoa katika kikapu chake kitu kilichofungwa katika karatasi, akakiweka mbele yetu. Ilikuwa multiprizi. Upande mmoja ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani. Upande wa pili ilikuwa nyeusi, plastiki imeyeyuka na kushikana na kichwa cha waya.

«Hii ilikuwa chini ya meza ya mwanangu,» akasema. «Wadogo watatu walikuwa wamelala nyuma ya pazia, mita mbili tu kutoka hapo. Binti yangu ndiye aliyesikia harufu.»

Sisi wote tunajua namna moto unavyotembea katika mitaa yetu. Nyumba za mbao zimebanana mlimani, na ikishika moja, jirani anaanza kutoa magodoro bila kungoja kuuliza. Basi hakuna aliyesimama kwenda zake. Wale waliokuwa wamefunga watoto waliwafungua tena.

Malalamiko ya mama

Mwana wake wa kwanza ana miaka 23. Amesoma informatika, na tangu mwaka jana amechukua meza ya saloni. Meza hiyo mama aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, mwaka ule mtoto huyo alipoanza shule ya msingi. Sasa juu yake kuna vioo viwili vya kompyuta vya okazioni, mashine kubwa yenye ubavu wa kioo, taa ndani yake zinazogeuka rangi, na klavie inayolia kama mvua juu ya mabati. Nyuma ya vioo amebandika utepe wa taa. Kila jioni umeme ukiwako anapangusa vumbi, anazima taa ya saloni, anapiga picha ya meza na kuwatumia wenzake. Na wao wanamtumia picha za meza zao. Wanasifiana, wanaulizana bei, wanashindana.

«Zamani tulikula kwenye meza hiyo,» mama akasema. «Sasa sahani tunaziweka magotini. Hesabu za biashara yangu ninazifanyia kitandani. Na binti yangu, ambaye mwaka huu anafanya Examen d'État, anasomea jikoni, daftari juu ya beseni lililopinduliwa, na simu ameiegemeza kwenye sufuria ili immulikie.»

Papa wa nyumba, alisema, anajivunia sana meza hiyo. Anaita majirani waje kuiona. Mama akilalamika anajibiwa: «Mwache, huyo ni mwanaume, anatafuta.» Naye anauliza: «Na yule binti, yeye anacheza?»

Mwisho akatuuliza tumpe shauri: auze vyote, kabla nyumba haijaungua?

Hatukumjibu siku hiyo. Tulimwomba ruhusa tufike nyumbani, na tukamwomba aseme na kijana mbele, ili asituone kama askari.

Tulichokiona

Tulikwenda watatu, jioni ya siku ya kwanza. Kijana alitupokea vizuri, akatuletea viti vya plastiki, akatuita mama mmoja mmoja. Lazima tukiri: tulifikiri tutamkuta katika michezo. Lakini pembeni ya meza kulikuwa na mashine tatu za watu zilizofunguliwa. Anazitengeneza. Anaandika pia TFC za wanafunzi wa chuo kikuu na kuzipanga kurasa. Mama mwenyewe alikubali kwamba nusu ya minervali ya binti ya trimestre iliyopita ilitoka kwenye meza hiyo. Jambo hili hakutuambia siku ya posho. Tunaliandika hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu mara nyingi tunapoleta malalamiko katika kundi tunaleta upande mmoja.

Kisha akatuonyesha katika simu picha za meza za watu wengine: vijana wa Ulaya, wa Marekani, wa Asia. Kwa wale ambao hawajaziona: ni picha za meza tu, mara nyingi bila mtu. Kioo kimoja kipana au vitatu, taa ya zambarau, kikombe cha kahawa, jani la kijani katika chungu, na hakuna waya hata mmoja unaoonekana. Kuficha nyaya ndiyo ufundi wenyewe. Wanazifunga chini ya meza kwa vikamba na vitrei vya chuma, na kazi hiyo inaweza kuwamalizia siku nzima. Klavie zao wanazichagua kwa sauti. Chini ya kila herufi kuna kiswichi chake chenye kispringi, na kampuni ya Cherry ya Ujerumani inajulikana kwa viswichi hivyo tangu miaka ya 1980. Kijana wetu aliinunua yake ikiwa na herufi zilizopangwa kwa namna ya Waingereza, akabandika karatasi ndogo juu ya kila moja ili ziwe kama za Kifaransa tulizozoea huku. Mwaka 2020, wakati corona ilipowafungia watu nyumbani na kazi ikawafuata huko, wengi zaidi waliingia katika desturi hii.

Katika picha moja tuliona ubao mzuri, mnene, mrefu. Tukauliza ni mti gani. Kijana akasema ubao huo unapendwa sana na watu wa meza hizi. Unaitwa KARLBY, unauzwa na duka la Kiswidi la IKEA, na umetengenezwa kuwa ubao wa jikoni, wa kukatia mboga na kuwekea sahani. Wao wanaununua na kuupeleka penye kompyuta.

Mama akamtazama mwanawe. «Basi wazungu wanatoa ubao jikoni kuuleta saloni,» akasema, «na wewe umemtoa dada yako saloni kumpeleka jikoni.»

Tulicheka wote, hata kijana. Lakini alicheka akiangalia chini.

Kujionyesha si jambo jipya

Wamama, tusiwacheke vijana kupita kiasi. Nani kati yetu hajapanga kabati ya sahani ambazo hazijaliwa hata siku moja? Nani hajaweka vitambaa vya kufuma juu ya viti kwa sababu wageni wanakuja? Anayevaa kitenge kipya siku ya Mungu hapiti njia ya nyuma. Mtu akifanya kitu kwa mikono yake anataka wenzake wakione.

Hata kompyuta za nyumbani zilianza hivyo. Mwaka 1975, huko Marekani, ilitoka mashine iliyoitwa Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuinunua vipande vipande na kuiunga mwenyewe nyumbani. Mwezi wa 3 mwaka huo huo, watu waliozipenda mashine hizo walikutana katika gereji ya mmoja wao huko Menlo Park, California, wakajiita Homebrew Computer Club. Kazi yao ilikuwa kuonyeshana: mimi nimeunga hivi, wewe umeunga vipi? Steve Wozniak aliwaonyesha wenzake hapo mashine aliyoibuni, na mwaka 1976 yeye na rafiki yake Steve Jobs wakaanza kuiuza kwa jina la Apple.

Kazi ya kuunga mashine hizo za kwanza ilifanyika katika nyumba ya wazazi wa Jobs, huko Los Altos. Dada yake Patty alikuwa anachomeka vidude katika vibao vyake, akilipwa dola moja kwa kila kibao. Majina ya wale vijana wawili yanajulikana dunia nzima. Jina la dada huyo wanalijua wachache, lakini mikono yake ilikuwa katika kazi tangu mwanzo, na nyumba ilikuwa ya mama na papa.

Ndani ya sanduku

Kabla ya kuondoka tulimwomba kijana atuonyeshe ndani ya mashine. Alichukua kibao cha kompyuta ya mkononi iliyokufa, akatuonyesha kwa ncha ya tornavisi vidude vidogo vya manjano, kila kimoja kama punje ya mchele. Ndani yake, akasema, kuna tantali, inayotoka katika koltani. Koltani tunaijua, inachimbwa Rubaya katika Masisi na pengine katika milima yetu. Risasi inayobandika vidude kwenye kibao ina bati, na bati inatoka katika kasiterite, kama ile ya Walikale. Betri ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, upande wa Kolwezi na Lubumbashi. Nyaya ni shaba. Na pale vipande vinapogusana wamepaka dhahabu, nyembamba sana, ili pasishike kutu.

Mmoja wetu amezaliwa Kamituga. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa mama twangaise, wanaotwanga mawe ya dhahabu kwa kinu cha chuma toka asubuhi mpaka jioni, vumbi mapuani na mtoto pembeni. Alikiomba kile kibao, akakishika kwa muda, akakigeuza penye mwanga. «Ni ndogo hivi?» akauliza. Kijana akasema ndiyo, ni ndogo hivyo. Akakirudisha bila kusema neno lingine.

Hatutaki kulibebesha jambo hili maneno makubwa. Tunasema tu kwamba mtu asituambie kompyuta ni kitu cha vijana, na sisi wamama hatuna haki yoyote mezani pake.

Ni nani aliyeunguza multiprizi?

Sasa turudi kwenye kile kitu cheusi. Tulitafuta chanzo chake wote pamoja, bila kelele, na jibu halikumpendeza mtu.

Chini ya meza, ile multiprizi ilikuwa na vioo viwili, mashine, utepe wa taa na chaja ya simu. Vyote hivyo kwa pamoja, katika kazi ya kawaida, havivuki wati mia mbili tatu. Multiprizi iliyoandikwa ampea 10, kwa umeme wetu wa volti 220, inabeba wati 2.200 ikiwa ni ya kweli na si ya kuigiza. Kwa hiyo kompyuta peke yake haikuweza kuiunguza. Kijana alitusomea maandishi hayo mgongoni mwa vitu vyenyewe, na tunawaomba nanyi mjifunze kuyasoma.

Tundu la mwisho lilikuwa na alama nyeusi kuliko yote. Tukauliza hapo kulichomekwa nini. Kimya. Halafu mama akasema polepole: «Reshó.» Usiku ule makala yalikuwa yameisha, umeme ulikuwa umerudi saa tatu, na watoto hawajala. Alivuta waya wa reshó mpaka saloni akauchomeka pale. Reshó moja inaweza kula wati 1.000 mpaka 2.000, kwa saa nzima ya kupika maharagi.

Lakini kijana naye alikuwa na sehemu yake. Ili waya wa ralonji usionekane katika picha, aliuviringisha vizuri, akaufunga kwa vikamba na kuufunika kwa kitambaa. Waya ulioviringishwa ukibeba mzigo mkubwa unashika moto wake wenyewe, joto halipati pahali pa kutokea. Na kwa sababu ulikuwa umefichwa, hakuna aliyeuona ukigeuka rangi. Meza ilikuwa inapendeza katika picha wakati chini yake plastiki inayeyuka.

Basi tumeandika masharti, na tunaomba kila kundi liyasome kwa sauti:

1. Reshó, pasi na birika la umeme vinachomekwa ukutani peke yake. Kamwe si katika multiprizi, hata kwa dakika tano.

2. Usichomeke multiprizi ndani ya multiprizi nyingine.

3. Ralonji inanyoshwa. Isiviringishwe, isipite chini ya godoro, chini ya tapi wala nyuma ya pazia. Nyaya zifungwe pembeni, lakini zionekane.

4. Mara kwa mara gusa kwa mgongo wa mkono. Ikiwa multiprizi ina joto, au unasikia harufu ya plastiki, zima kila kitu na usiirudishe tena kazini. Ya rahisi sana sokoni mara nyingi ina nyaya nyembamba kama uzi.

5. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache mpaka utulie, maana unaporudi unaweza kuja kwa nguvu na kuharibu vyombo. Mwenye uwezo anunue stabilizateri kabla ya kununua taa za rangi.

6. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji wakati umeme ungali unapita. Watoto watoke kwanza. Zima kwenye dijonkteri, halafu tumia mchanga au blanketi nzito kavu. Ikishindikana, toka na uite watu.

Picha iliyotutisha

Kuna jambo lingine, nalo linatugusa sisi wote. Tulipokuwa tunatazama picha alizokwisha kutuma, mweka hazina wetu alisimamisha kidole chake juu ya moja. Nyuma ya kioo cha kulia ilionekana kabati ya mama, na juu ya kabati, wazi kabisa, kisanduku cha AVEC na makufuli yake matatu.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Yeye aliona taa zake tu. Lakini picha hiyo ilikuwa imekwenda kwa watu asiowajua hata uso. Ameifuta, na amewaomba wenzake waifute. Kisanduku hakilali tena pale, na hatutaandika hapa kinalala wapi.

Waambieni watoto wenu: kabla ya kutuma picha ya nyumba, tazama pembe zake zote nne. Je, kunaonekana diploma yenye majina ya familia? Dirisha na nyumba ya jirani, ambayo mtu anaweza kuitambua? Karatasi iliyobandikwa penye kioo na neno la siri? Watoto wadogo wakioga nyuma? Na mwizi akiona vioo viwili na mashine mpya, ameshajua anakuja kuchukua nini.

Tulivyopatana

Tulirudi mara ya pili papa akiwako, kwa maana jambo la nyumba halimaliziki bila wenye nyumba wote. Tulimwomba kila mmoja aseme anatumia meza kwa nini. Papa alisema. Mama alisema. Kijana alisema kwa muda mrefu. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi, na ilibidi tumwite mara mbili.

«Mimi sitaki meza yote,» akasema. «Nataka pembe moja na taa. Beseni linaniumiza mgongo.»

Papa alinyamaza. Nadhani sote tulinyamaza. Miaka yote hiyo ya minervali, na hakuna aliyekuwa amemuuliza anasomea wapi.

Haya ndiyo waliyopatana. Meza inarudi kuwa meza: ya kula, ya kusomea, ya hesabu za mama. Kijana amenunua kwa fundi mbao ubao wa mita moja na nusu, umefungwa ukutani kwa vyuma viwili, na mashine yake imehamia hapo. Mwanzoni alikataa, akisema ubao ni wa kukwaruza na utaharibu picha. Mama akamwambia vernisi atanunua yeye, brashi ataishika yeye kijana. Taa moja aliyokuwa anamulikia ukuta imekuja juu ya meza ya binti. Umeme ukija jioni, saa mbili za kwanza binti anakaa penye kompyuta na kaka yake, wanafanya maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Kazi za wateja anazifanya mchana, au usiku wadogo wakilala.

Kijana amempangia mama hesabu za biashara katika kompyuta, safu kwa safu, na jumla inatoka yenyewe. Mama amefurahi, lakini daftari lake hajalitupa. Anasema daftari halijui delestaji.

Papa hajaridhika bado. Alitusindikiza mpaka njiani, akatuambia kwa heshima kwamba tumemfinyia kijana nafasi. Tulimjibu: «Papa, tutaona mwisho wa mwaka wa shule.» Matokeo ya binti hatuyajui, mtihani wenyewe haujafika. Hatuahidi kwamba ubao wa fundi utampa diploma. Tunasema tu kwamba sasa anasoma akiwa ameketi.

Namna ya kuketi

Kwa kuwa wengi mnauliza kila wakati juu ya maumivu ya shingo na mgongo, maneno machache kwa yeyote anayekaa mezani muda mrefu, awe na kompyuta, cherehani au daftari. Miguu ikanyage chini. Ikiwa kiti ni kirefu kwa mtoto, weka tofali au kibao chini ya miguu yake. Viwiko vikunjwe sawasawa kando ya mwili, mabega yalegee. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, na kioo kiwe mbali kwa urefu wa mkono. Vitabu viwili vinene chini ya kioo vinatosha, huhitaji kununua kitu. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya kioo wala nyuma ya mgongo. Kila dakika 20, inua macho utazame kitu cha mbali, hata mlima ng'ambo ya ziwa, uhesabu mpaka 20, ndipo urudi kazini.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

Katika nyumba yako kuna meza ngapi, na ni nani anayeitumia kila moja kuanzia saa kumi na mbili jioni?

Binti yako anasomea wapi? Umewahi kuketi pahali hapo wewe mwenyewe, kwa saa moja?

Reshó yako inachomekwa wapi? Jibu bila aibu. Yule mama alijibu mbele yetu, na kwa sababu hiyo sisi wengine watano tulirudi nyumbani usiku ule tukachomoa.

Ile multiprizi nyeusi mama ametuachia. Tunaizungusha kutoka kundi hadi kundi, ili kila mmoja aishike kwa mkono wake. Juma hili iko kwa wamama wa Panzi. Wakimaliza, waipeleke kwa wale wa Nyawera.

Juma lijalo, makala na bei yake, kama tulivyoahidi. Tunawatakia juma jema na usiku wa salama.